Ulilala Wapi, Kavata?

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki akilini, na kila mbaazi zinapokauka shambani inarudi yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa koti jeupe, koti nililolipiga pasi mpaka likakaribia kusimama peke yake. Nilikuwa nimemaliza chuo Nairobi juzijuzi tu, na nikapangiwa kazi ya maabara katika hospitali moja ndogo upande wa Kitui. Kwetu ni Makindu. Nilitaka kupitia nyumbani kwanza nile muthokoi wa mama yangu, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi, lakini walionipanga hawakuniuliza habari za muthokoi. Walisema maabara ina mtu mmoja tu, nikapanda basi. Nyumbani nilituma salamu kwa dereva wa lori, na salamu za dereva wa lori unazijua: zinafika akikumbuka.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa dirishani nikipangusa kioo cha hadubini. Hadubini ya siku hizo haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza huku na huku mpaka kidake mwanga wa jua, na jua likikataa, na kazi imekataa. Nikaona pikapu ya kubeba mbuzi ikiingia, na nyuma yake, juu ya magunia, amelala mwanamke aliyefunikwa kwa leso. Mama mzee alikuwa amemshika kichwa. Walipomshusha, leso ikaanguka, nikaona uso. Alikuwa Kavata.

Ngoja nikwambie Kavata alikuwa nani, maana vinginevyo hutaelewa kwa nini niliangusha kile kitambaa nikakimbia nje bila viatu vya kazi.

Tulizaliwa nyumba jirani. Maji tulichota chemchemi moja, ile iliyo nyuma ya boma letu, na viondo, vikapu vyetu vya mkonge, tulijifunza kusuka pamoja, chake kikitoka kizuri na changu kikitoka kama kofia ya mlevi. Alinicheka hadharani na kunitetea kwa siri. Baadaye wazazi wake walinunua shamba Kasikeu wakahama, naye akaolewa mbali, Kyuso, na mfanyabiashara wa mbuzi. Siku ya kuondoka kwake hatukulia mbele ya watu. Nililia jikoni, na nadhani yeye alilia ndani ya gari. Nilimpenda Kavata kuliko dada zangu wa tumbo moja, na sasa dada zangu wakisikia haya watanisamehe, kwa sababu walikuwa wanajua.

Huyo ndiye aliyeshushwa kwenye pikapu ya mbuzi. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa ya manjano kidogo, na damu kavu iko puani. Akaniona. Akatabasamu, na kwenye fizi zake pia nikaona damu.

"Si ni wewe," alisema. "Kumbe uko hapa."

Nilidhani anashangaa tu. Sikujua uzito wa yale maneno mpaka baadaye siku ileile.

Mama mzee aliyekuja naye alikuwa mama mkwe wake, Syombua, mwanamke mrefu wa maneno machache. Kavata alimwita Mwaitu, yaani mama yangu, nami nikamwita hivyohivyo. Daktari wetu alipokuja, ni Mwaitu aliyejibu kila swali. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu, na sehemu nyingi bado iko hivyo: mke wa mtu haongei na daktari mama mkwe akiwa amesimama hapo.

"Ako na joto kila siku ikifika saa za jioni," Mwaitu alisema. "Damu inatoka kwa pua. Na hapa kwa mbavu za kushoto kumefura."

Daktari akamgusa pale. Bandama ilikuwa imevimba, inagusika wazi chini ya mbavu. "Alipewa dawa ya malaria?"

"Dispensari walimpa tembe. Amemaliza."

"Na amesafiri mahali?"

"Alienda tu kwao Kasikeu, kusaidia mama yake kuvuna mbaazi. Akarudi."

Kasikeu ni juu, kuna baridi yake, na mbu wa huko si wa kutisha. Lakini Kyuso, ee, sifa ya Kyuso kila mtu aliijua. Huko na kwingineko upande wa kaskazini kulikuwa na kala-azar, ugonjwa unaoletwa na vijinzi vidogo vinavyojificha katika nyufa za vichuguu. Wanaume wetu wana thome, ile sehemu ya nje ya boma wanapoketi jioni kuota moto na kuzungumza, na boma nyingi za huko zilikuwa na kichuguu papo hapo kando ya thome. Kala-azar huleta homa isiyoisha, huvimbisha bandama, hukondesha mtu. Kwa hiyo mgonjwa akitokea Kyuso na homa na bandama, hata mlinzi wa geti alishamaliza uchunguzi. Alinong'ona nikisikia, "Huyo ni wa vichuguu."

Nilimtoa Kavata damu kidoleni. Nilipomchoma, kidole hakikutaka kukauka. Nilibonyeza pamba, nikabonyeza tena, na damu ikaendelea kuchuruzika.

Katika maabara alikuwako mkubwa wangu, Bwana Musili, mtu wa miwani minene aliyependa chai ya rangi na kunitania. Nilitafuta vimelea vya malaria katika damu ile mpaka shingo ikauma, sikuona hata kimoja. "Malaria hakuna," nikamwambia. Aliinuka, akainamia hadubini mwenyewe, akasogeza slaidi huku na huku. Kisha akaniita.

"Njoo uone. Unaona nini kati ya hizi chembe nyekundu?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo. Na ulipaswa kuona nini?"

Hapo nikashtuka. Mwanangu, wewe una mashine inayohesabu yenyewe na kukupa jibu likiwa limechapwa, lakini sisi tulihesabu kwa macho. Ndani ya damu, mbali na chembe nyekundu na nyeupe, kuna vichembe vidogo sana vya kugandisha. Ukijikata na kisu cha sukuma wiki, hivyo ndivyo hukimbilia kuziba. Chini ya hadubini huonekana kama punje za zambarau zilizomwagika kati ya nyekundu. Katika damu ya Kavata unazunguka na kuzunguka, unapata punje moja, halafu mahali pakubwa patupu.

"Kala-azar hufanya hivi," Bwana Musili akasema. "Lakini malaria pia hufanya hivi, na watu husahau. Hizi chembe za kugandisha zikiwa chache haziniambii ni ugonjwa gani. Zinaniambia vitu viwili tu. Kwanza, mtu wa homa mwenye damu namna hii usimtangazie kwamba hana malaria kwa slaidi moja. Pili, asidungwe."

Asidungwe. Neno hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu siku hizo kala-azar ilithibitishwa kwa kuingiza sindano ndani ya bandama na kuvuta majimaji ya kupima. Kwa mgonjwa mwingine ni jambo la dakika. Kwa mtu ambaye hata kidole chake hakikauki, bandama ikitoboka huvuja ndani ya tumbo, na hakuna pamba ya kubonyeza huko.

Tulikwenda kwa daktari pamoja. Hakuwa mtu wa kiburi, Mungu ampumzishe. Alikaa, akavua kofia yake, akasema wazi shida yake. "Dawa ya kala-azar ni kali, sindano kila siku kwa wiki na wiki. Siwezi kumpa kwa kubahatisha. Nikingoja, ugonjwa unamla. Nikimdunga, naweza kumuua kwa mkono wangu." Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Nawapa mpaka kesho mchana. Mkinipa kitu kingine cha kutibu, nitashukuru. Msiponipa, nitadunga na kuomba."

Tulitoka nje. Bwana Musili akaniambia kitu kimoja tu: slaidi haikuonyesha kitu, basi nimuulize mwenye damu.

Nilikwenda wodini, Mwaitu alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nikauliza palepale, kwa haraka za ujana, "Kavata, ulienda wapi kabla ya kuugua?"

Kavata akamtazama mama mkwe wake, akatazama ukuta. "Kasikeu," akasema.

Nilimjua yule msichana tangu tukiwa hatuna meno ya mbele. Alipodanganya alitazama ukuta. Lakini nifanye nini, mama mkwe yuko hapo? Mwaitu akanitazama mimi kwa muda mrefu, akainuka, akakung'uta leso yake.

"Nimesikia mko na jiko la wageni huko nyuma," akasema. "Naenda kupika uji. Uji wangu huchukua muda."

Alipotoka, nilikaa kitandani, kitu ambacho matroni angenikatia kichwa. Nikamshika mkono, ulikuwa wa moto. "Ulilala wapi, Kavata?"

Alianza kulia bila sauti. "Kwenu," akasema.

"Kwetu wapi?"

"Makindu. Nilisikia umemaliza masomo, eti unarudi nyumbani. Nikamwambia Mwaitu naenda kuvuna mbaazi kwetu. Bwanangu hangeniruhusu kusafiri hivyo kwa sababu ya rafiki. Angesema rafiki gani huyo. Nikafika, mama yako akasema utakuja kesho. Kesho ikawa kesho nyingine. Nililala kwa kitanda chako, kile cha dirisha la chemchemi. Mbu waliniimbia kama kwaya. Sikujali, nilikuwa nasikiliza mlango tu."

Salamu zangu zilikuwa bado kwa dereva wa lori; nikampangusa machozi kwa ncha ya leso.

"Na unajua basi langu lilipitia wapi?" Alicheka kidogo, damu ikaonekana tena kwenye fizi. "Hapa. Lilisimama hapo stendi tukanunua ndizi. Nimeuona huu ukuta wa hospitali yenu."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimezika watu. Lakini hakuna kitu kilichowahi kunichoma kama kujua kwamba Kavata alikuwa akila ndizi upande wa pili wa ukuta, akienda mbali kunitafuta, na mimi niko dirishani nageuza kioo.

Nikajikaza. "Na zile tembe za dispensari?"

"Nilimeza za kwanza. Zikaniwasha, Ngai, Mungu wangu! Mwili wote mpaka kwa mfupa. Usiku ule nilijikuna mpaka nikatoa damu. Hizo zingine nimeficha ndani ya kiondo."

Hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Wengi wetu klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo, ilitutesa kwa kuwasha, na wengi waliitupa kimyakimya. Alikuwa amelala chemchemini Makindu, ambako malaria haijawahi kwenda likizo, na alikuwa ameonja dawa kiasi cha kuvipunguza vimelea bila kuvimaliza. Ndiyo maana vilijificha kwenye slaidi yetu.

Alasiri ile homa ilipompanda na meno yakaanza kugongana, nilimtoa tone jingine, nene zaidi. Nikalikausha, nikalitia rangi. Lakini jua lilikuwa limeshachoka, na kioo hakikudaka kitu. Asubuhi mawingu yakatanda kila upande. Niliinama dirishani, nikigeuza kioo, nikilaumu mbingu kwa maneno ambayo mchungaji wetu asingeyapenda. Kwenye chumba cha pili niliwasikia wauguzi wakichemsha sindano.

Halafu wingu likapasuka. Sio sana, kidogo tu. Nikaanza kutafuta, uwanja baada ya uwanja, patupu, patupu, na zile punje za zambarau hazipo. Macho yalikuwa yanatoa machozi na sikujua ni ya uchovu au ya nini. Bwana Musili alisimama nyuma yangu bila kunitania. Ndipo nikaiona: pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu. Nilisogeza, nikaona nyingine. Nikaondoka kwenye kiti ili Bwana Musili aone, maana sikuyaamini macho yaliyompenda mgonjwa. Aliinama, akainuka, akavua miwani.

"Kimbia," akasema.

Nilimkuta daktari amevaa glavu. Nilisema neno moja tu, "Malaria," na yeye akazivua zile glavu polepole, akamwambia muuguzi arudishe trei. Kavata akawekewa kwinini siku ileile. Baada ya siku chache homa ilikata, fizi zikakauka, na kila asubuhi nilitazama damu yake nikaona zile punje zikirudi, mbili, kisha tano, kisha zimejaa kama mtama uliomwagika. Bandama ilichukua muda wake kurudi chini ya mbavu. Nilifurahi kiasi cha kumwonyesha mlinzi wa geti ile slaidi, ingawa hakuelewa anatazama nini.

Siku ya kuruhusiwa, Mwaitu aliniita kando. Nilijua sasa nitapata shukrani.

"Wewe mtu wa hospitali," akasema. "Kwa nini ulimuuliza swali kama lile nikiwa hapo?"

Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono.

"Angekufa na Kasikeu mdomoni kwa sababu ya kuniheshimu. Ukitaka mtu aseme, kwanza tazama ni nani ako ndani ya nyumba."

Kavata alikuwa amesikia. Akaanza, "Mwaitu, nisamehe, mimi sikuenda Kasikeu, nilienda Makindu..."

"Nilijua tangu siku uliporudi. Umeenda kuvuna mbaazi, umerudi bila hata kikombe kimoja cha mbaazi. Nani huvuna hivyo?" Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Nilinyamaza kwa sababu ya kijana wangu na hasira zake. Nami nikakaribia kukuua kwa huko kunyamaza. Mwaka ujao ukitaka kwenda Makindu, niambie. Nitakupa mbaazi za kubeba."

Na alifanya hivyo, mwanangu. Kila mwaka baada ya mavuno, Mwaitu alimfungia Kavata mbaazi kwenye kiondo na kumwambia mwanawe, "Huyu anaenda kupeleka hizi," na kijana hakuthubutu kuuliza. Mimi nilihamishiwa Makindu baadaye. Nilinunua chandarua, nikakifunga juu ya kile kitanda cha dirisha la chemchemi, na Kavata alipokuja alilalamika kwamba kinamzuia pumzi, nami nilimjibu kwamba pumzi yake nimeihangaikia vya kutosha. Tulikaa tukisuka, tukisengenya, tukinyamaza. Mwaitu alipofariki, Kavata aliendelea kuja. Tulizeeka namna hiyo, mbaazi kwa mbaazi.

Kisha mwaka mmoja, katika miaka ya tisini, mbaazi zilifika bila Kavata. Dereva wa lori alikiweka kiondo mlangoni na hakuweza kunitazama. Presha ilimwangusha akiwa amemaliza kukifunga, kabla basi halijafika. Watoto wake walisema kiondo ni cha mtu wa Makindu, basi kipelekwe.

Zile mbaazi sikuzipika. Nilizipanda. Ndizo unazoziona zimekauka huko nyuma ya nyumba kila mwaka, na ndiyo sababu unanikuta natazama barabara wakati wengine wanavuna. Nina hamu naye mpaka leo. Kile chandarua bado nakifua.

Sasa nisikilize, wewe uliyevaa koti jeupe. Mashine yako ikikwambia chembe za kugandisha ni chache na mgonjwa ana homa, usifurahi kwamba umepata jina la ugonjwa. Hujapata jina bado, umeambiwa uendelee kutafuta. Kama kipimo cha kwanza hakina malaria, toa tone jingine, toa tena homa ikipanda, na wakati huo zuia sindano isiyo ya lazima. Usiruhusu kijiji cha mtu kiwe ndicho jibu. Uliza alilala wapi, si anatoka wapi tu, na uliza kama dawa aliyopewa aliimeza kweli, bila kumkaripia. Na kabla hujauliza, tazama ni nani amesimama kando ya kitanda, umpe huyo uji wa kupika.

La mwisho halimo katika vitabu vyenu. Kama kuna mtu unamwonea hamu, na mnatenganishwa na ukuta mmoja tu bila kujua, tuma salamu leo, na usimpe dereva wa lori. Nenda mwenyewe.

Leta viganja vyako, mwanangu, nikutemee mate ya baraka kama Mwaitu alivyonitemea mimi getini siku alipomchukua Kavata nyumbani. Macho yako yaone kilicho kidogo. Jua likupasukie wingu pale unapolihitaji. Mgonjwa wako arudi kwao akitembea kwa miguu yake, na yule anayekutafuta akukute mlangoni.